Vyungu vya Mbaraka

Kule kijijini Kwai, Mbaraka anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza, ni mtu wa haya. Ukikutana naye njiani atakuamkia vizuri, kisha atatazama kabichi za jirani mpaka umalize maneno yako. La pili, inasemwa kwa kunong'ona kwamba anafinyanga vyungu. La kwanza watu wamemsamehe.

Kwa Washambaa, udongo wa kufinyanga ni wa wanawake. Mwanaume hakanyagi shimo lake, na siku ya kuchoma hapiti hata karibu na moto. Akipita, wanasema, vyungu vitapasuka. Lakini marehemu mama yake, Bi Hawa, alijaliwa watoto wa kiume watupu. Mikono ilipoanza kumkakamaa, alimketisha Mbaraka, kitindamimba wake, nyuma ya nyumba, akamwekea donge la udongo na kipande cha kibuyu cha kulainishia, akamwambia, "Finyanga. Atakayeuliza, sema ni vya mama."

Vikawa vya mama. Mama alipofariki, vikawa vya mkewe. Nasra ndiye aliyevipeleka gulioni, akasifiwa yeye, naye hajui kufinyanga hata kikaango.

Mwaka huu Mwalimu Edgar, mchoraji, aliandaa maonyesho ya sanaa mjini Lushoto. Alizunguka vijijini akiwaalika watu: wasioona, viziwi, Waislamu kwa Wakristo, wanawake kwa wanaume. Bango lilisema SANAA NI YA WOTE. Alipofika Kwai alisema kila kazi itakaa na jina la aliyeifanya.

Mbaraka alitaka kukataa. Nasra akamjia juu.

"Baba Hashimu, nimechoka kusifiwa kwa jasho la mwingine. Juzi mama mmoja ameniletea binti yake nimfundishe. Nimfundishe nini, kusonga ugali?"

Mbaraka akacheka, na kwa kicheko hicho akajikuta amekubali.

Siku ya maonyesho aliingia ukumbini na mkewe, wote wamevaa nguo za Idi. Vyungu vyake vilikuwa vimepangwa vizuri, meza moja na vya kina mama wafinyanzi. Mbele yavyo kulikuwa na kadi nyeupe: NASRA, KWAI.

"Mwalimu, hii kadi vipi?" aliuliza Nasra.

Mwalimu Edgar alimvuta Mbaraka pembeni. "Mzee wangu, nivumilie. Bi Mwajuma anasema jina la mwanaume likikaa meza ile, kina mama wote wanabeba vyombo vyao. Ni jina tu. Vyungu si vipo?"

Bi Mwajuma, mkubwa wa wafinyanzi, alikuwa amesimama hapo hapo na kanga yake begani. Aliwahi kuchimba udongo pamoja na Bi Hawa.

"Shikamoo, mama," alisema Mbaraka.

"Marahaba. Mwanangu, nenda kapalilie viazi. Huku utaota matiti."

Watu waliangua kicheko. Mbaraka alihisi masikio yakimwaka moto. Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na miguu yake ilikwisha kuuelekea. Lakini macho yake yaliiangukia ile kadi, akaona kwamba akitoka sasa, hata akifa wataandika Nasra. Akaenda mezani, akaichukua, akaichana.

"Haya, shujaa," alisema Bi Mwajuma. "Chungu cha mwanaume hakihimili moto. Kuni zipo pale nje. Tubandike maharage, tuone."

"Tubandike!" walipokea wengine.

Mbaraka alijua chungu chake kingekaa motoni mpaka jioni bila kupasuka. Ulimi ulikuwa tayari kusema ndiyo. Akajizuia.

"Tubandike vyote, mama. Changu, chako, na cha kila aliyeleta."

"Changu kina nini? Changu kinajulikana!"

"Basi hata changu hakiendi. Na kama ni kujaribiana, kuna kigoda cha Sesilia pale. Tumkalishe ng'ombe juu yake, maana kimechongwa na mwanamke."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Sesilia wa Shume, mchonga vigoda, alikikumbatia kigoda chake.

"Ng'ombe wenu mbaki nao!" alisema. Kisha akawageukia kina mama. "Lakini huyu baba anasema kweli. Asubuhi mmenipigia vigelegele kwa kuchonga kwa tezo, kazi ya wanaume. Yeye kushika udongo ndiyo mumzomee?"

Bi Mwajuma alimsogelea Mbaraka na kumwambia kwa sauti ya chini, kwa Kishambaa, kwamba mama yake angekuwa hai angeona aibu.

Mbaraka alimjibu kwa Kiswahili, na kwa sauti, ili wote wasikie.

"Mama yangu ndiye aliyenifundisha. Kwa mikono yake. Kama ni aibu, ni yetu sote wawili, na mimi naibeba."

Mwalimu Edgar alikuwa akipangusa jasho.

"Mzee Mbaraka, wataondoka kweli. Maonyesho yatakufa."

"Bango umeandika wewe, Mwalimu. Wakibaki, karibu. Wakienda, heri. Jina la mke wangu halikai hapa."

Nasra akampa kalamu. Mbaraka aliandika jina lake nyuma ya kipande cha kadi, kwa herufi kubwa zilizopinda kama zake za darasa la saba, akakiegemeza kwenye chungu cha mbele. Kisha akavuta kiti.

"Sitakaa meza moja na wewe," alisema Bi Mwajuma, mkono wake juu ya mtungi wake.

"Hiari yako, mama," alisema Mbaraka. "Mimi nimeshakaa."