Chombo Hakiongozwi kwa Ngumi

“Shoga, kilichovunjika kwako jana ni chombo au ni mkono?” jirani alimuuliza dobi zamani hizo, walipokutana bombani.

“Ni chombo tu, shoga,” dobi akajibu, mkono ukining’inia kwenye kitambaa. Mungu amsamehe, vilikuwa vyote viwili.

Siku hizo televisheni ilionyesha tamthilia ya watu wanaoishi angani, ndani ya chombo kikubwa kama mtaa. Nahodha alikuwa mwanamke, na msemo wake ulikuwa mmoja: “Chombo hakiongozwi kwa ngumi.” Dobi alipiga pasi macho yakiwa kwenye kioo, hata kola za watu zikaungua. Jioni moja mumewe, dereva wa lori, akagonga meza. “We mwanamke, vyombo viko wapi? Nina njaa!” Naye kwa utani akamjibu kama nahodha. Alidhani atacheka. Mume alimvunja mkono kwa mguu wa kiti, kisha akainyanyua televisheni akaipigiza ukutani. Tangu hapo dobi aliamini kwamba nahodha aliendelea na safari, aliyeachwa ni yeye.

Miaka ikaenda, mume akafa. Juzi binti yake, msusi, akaja mdomo umevimba, jino halipo.

“Nimeanguka bafuni, mama.”

“Bafu hilo linavaa pete?”

Binti alikuja kupumua tu, kesho arudi kwa mumewe. Ili kubadili mazungumzo akaitafuta kwenye simu ile tamthilia aliyosimuliwa tangu utotoni.

“Kumbe ilikatizwa, mama! Vipindi sita tu. Ulichokosa ni hiki cha mwisho.”

Wakakitazama, pasi ikipata moto pembeni. Mabaharia walimgeuka nahodha wao, wakampiga mpaka damu ikamtoka masikioni, wakamsukuma nje ya mlango wa chombo. Vidole vyake vikashika kizingiti. Kioo kikawa cheusi.

“Alipona?”

“Hakuna ajuaye, mama. Hawakuendelea.”

Mara mlango ukapigwa teke. Mkwe akaingia bila hodi.

“Shikamoo mama. Nimefuata changu.”

Akamkamata mkewe misuko, akamburuta, kichwa kikagonga pembe ya meza. Dobi, ambaye hata paka hajawahi kumkemea, alinyanyua pasi akaigandamiza juu ya mkono ule. Ngozi ikalia chwaa. Mkwe akapiga ukelele kama ndama.

“Mama, umeniunguza!”

“Marahaba,” dobi akamjibu.

Mkwe akatoka mbio, akijipigiza kwenye fremu ya mlango. Binti akajifuta damu, halafu, ajabu ya Mungu, akaanza kutafuta viatu vyake.

“Nimfuate nimwombe radhi, mama. Akipoa atatulia.”

Dobi akaketi sakafuni, mgongo mlangoni.

“Mwanangu, nakuomba usimrudie.”