Tulimkumbuka kwenye kisu, tukamsahau kwenye bati

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Haya yamenikuta mwenyewe, na mkosaji ni mimi, kwa hiyo sina faida yoyote ya kuongeza chumvi.

Naishi Ijumbi, Muleba. Mwaka juzi upepo uliezua nyumba nyingi, yangu ikiwemo, na kulaza migomba. Ikaundwa kamati ya maafa, mimi nikapewa ukatibu kwa sababu nina laptop. Chaji haikai, ila hilo hawakuuliza.

Kazi ya kwanza ilikuwa orodha ya waliopoteza paa. Nilitakiwa kupita nyumba kwa nyumba. Nikaona ni usumbufu wa bure, wakati parokiani kuna madaftari ya jumuiya ndogondogo za Wakatoliki.

Nikanakili majina, viongozi wa jumuiya wakaweka tiki kwa waliopoteza paa, nikaenda kuprint Bukoba mjini, mwenyekiti akagonga muhuri. Nilijiona mtu wa system sana.

Sasa kuna Ta Idi, yaani Mzee Idi. Ni Mwislamu, kwa hiyo hayumo kwenye daftari la jumuiya yoyote. Paa lake liliondoka lote. Bati moja lilidondokea kibanjani kwangu, katikati ya migomba, nikamrudishia kwa mikono yangu hii. Kisha nikarudi kwenye laptop.

Siku ya kugawa bati, msamaria mmoja akatoa ng'ombe tule pamoja. Kwetu anayechinja ni Mwislamu, ili kila mtu ale. Nikampigia Ta Idi. Akaja, akachinja, akanawa, akakaa kusubiri jina lake.

Nyama ikaiva, watu wakapakuliwa, nikaanza kusoma. Jumuiya moja baada ya nyingine, mpaka mwisho.

Akasimama. "Katibu, mimi ni wa jumuiya gani?"

Nikaangalia karatasi kana kwamba jibu limo.

Mwenyekiti akasema orodha ina muhuri, haibadiliki.

Ma Koku, mama mtu mzima wa jumuiya yangu, akarudisha sahani yake mezani. "Waitu, ndugu yangu mwenyekiti, kama huyu si wa kijiji hiki, huyu ng'ombe kachinjwa na nani? Mimi sili."

Sahani nyingine zikafuata. Wakuu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Bati zikarudishwa stoo, nikaambiwa nianze upya, kwa miguu.

Nikakuta familia nyingine mbili za Waislamu, na moja ya vibarua waliotoka Burundi, wanalala chini ya turubai. Hawakuwa wamelalamika. Walidhani ndivyo ilivyopangwa. Hiyo iliniuma kuliko yote.

Kwa Ta Idi mkewe alinipa kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote. Nikamwambia mzee nitamwandika namba moja.

"Hapana. Niandike pale nyumba yangu ilipo."

Bati alipata, na wale wengine pia.

Nilichojifunza: upepo haukumuuliza mtu jumuiya yake. Ukipewa kuandika watu wakati wa janga, vaa viatu upite.

Kwenu orodha zinaandikwaje? Semeni, hata matusi napokea. Ile yetu ya pili bado ninayo. Ta Idi yuko mstari unaofuata baada ya jina langu, maana ndiye jirani yangu wa kwanza.