Mgeni Wangu Mpole

Mimi ni mwalimu mstaafu, lakini mdomo wangu umeniaibisha. Tangu mke wangu afariki, nyumba yangu hapa Soy ilikuwa kimya, hadi kondoo wangu mmoja alipomkataa mwanawe. Nikamlea jikoni kwa chupa, nikizungumza naye.

Jirani yangu, Mama Chebet, akaniuliza uani, "Mwalimu, nasikia siku hizi uko na mtu?"

Nikadhani amemwona mwanakondoo. "Ndiyo. Kwao walimkataa. Ni mpole, amenizoea, kila mahali ananifuata."

Jumapili akaja na akina mama wa kanisa, wamebeba sukari na leso mpya. "Tumekuja kumsalimia bibi yako," akasema.

Mwanakondoo akatoka jikoni, akasimama miguuni pangu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.