Nyundo Mbili, Mlio Mmoja

Ko.

Kimya. Halafu tena, ko.

Sikuona trekta wala mtu. Ukungu ulikuwa umelalia chai yote ya Ikuti. Lakini mimi ni fundi, sikio halinidanganyi. Zile zilikuwa nyundo mbili, zinatua kwa pamoja kama moja.

Na moja ilikuwa ya Yudith.

Yudith ni mchumba wangu. Anaendesha trekta la kubebea majani ya chai, na posa imeshafika kwao Matwebe. Mtindo wa nyundo mbili nilimfundisha mimi. Boljointi ya usukani, kile kiungo kinachogeuza gurudumu, ikivunjika, kipande hung'ang'ania tunduni. Ukikipiga kichwani, unakiharibu. Wanasimama watu wawili, huyu huku na yule kule, wanapiga ubavuni kwa wakati mmoja, kinachomoka chenyewe.

Bila kuelewana, hakitoki.

Sasa anaelewana na nani?

Jibu nilikuwa nalo tangu nikiwa gerejini kwangu Bulyaga, mjini. Lugano, bodaboda wa kijiweni kwetu, alikuja kunichoma moyo pale gereji. Trekta la shemeji limekufa Ikuti, akasema, na Bushiri ameshapanda huko na nyundo. "Kaka, naona umepata msaidizi."

Bushiri anauza vipuri mjini. Mpole, nadhifu, tabasamu haliishi. Yudith akienda dukani kwake anarudi anacheka. Mimi nikimsomea mashairi yangu, anapiga miayo.

Nikawakuta wamepiga magoti matopeni, vichwa vimekaribiana. Damu ikanipanda.

"Kumbe huku ndiko mnakofanyia kazi," nikasema.

Yudith hakushtuka. Akaninyooshea nyundo. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba. "Umefika? Shika. Mimi siwezi tena."

Nikapiga magoti mbele ya Bushiri. Pigo la kwanza nikamwahi. La pili nikachelewa. Nilikuwa nampiga yeye, si chuma.

"Hesabu mizani, mshairi," akasema taratibu.

Maneno yaliniuma kwa sababu yalikuwa kweli. Nikavuta pumzi, nikafuata bega lake. Likipanda, napandisha. Likishuka, nashusha.

Ko.

Kipande kikachomoka, kikaanguka gotini kwangu.

Hapa kuna jambo sijawaambia.

Wiki iliyotangulia Yudith aliniagiza nifunge boljointi mpya kwenye trekta lile. Mjini ilikuwepo kwenye duka moja tu. La Bushiri. Nikaapa kwamba siingii. Nikaokota kuukuu, nikaichomelea shingo, nikaipaka rangi, nikasema mpya.

Njia nzima nilikuwa naomba iwe imevunjika ya upande wa pili.

Kipande kilikuwa na mshono wangu. Naujua kama mwandiko wangu.

"Kwenye tela walikuwa kina mama saba," Yudith akasema. "Usukani ukawa unazunguka bure, tunashuka. Trekta nimelichomeka kwenye ukingo, ndiyo mkono ukateguka." Akanitazama. "Moyo wangu usukani, Yudithi ndiye dereva. Si uliniandikia hivyo? Ndiyo huo, Isakwisa. Umenitoka mteremkoni."



Mara msimamizi, mzee Anyelwisye, akatokea ukunguni na fimbo yake. Bushiri akakiokota kipande haraka, akakitumbukiza mfukoni.

"Gwe, hii ilifungwa na nani?" mzee akauliza.

Bushiri akawa anajifuta mikono. Yudith akatazama chini. Ndipo nikaelewa kwa nini Yudith alimwita yeye: alitaka kipande kitoke na kipya kiingie kabla mzee hajauona mshono. Walipatana, kweli. Walipatana kunificha.

Afadhali ningewakuta wanabusiana.

"Kitoe, Bushiri," nikasema. Akasita, akakitoa. Nikamkabidhi mzee. "Ni mimi, baba. Kuukuu, niliichomelea. Nikadanganya."

Mzee hakufoka. Alisema tu nisiguse tena trekta lolote la shamba lile, akaniachia nimalizie kwa kuifunga, mbele ya macho yake, ile mpya aliyokuja nayo Bushiri.

Ndugu zangu, nilidhani wivu wangu unamchunga Yudith. Kumbe nilimwekea ufa chini ya miguu, nikaupaka rangi.

Nilipokaza nati ya mwisho na kupitisha pini, Yudith alikuwa amekaa kwenye tairi, mkono kifuani. Sijui kama posa bado ipo. Sikumuuliza.

Nikasimama mbele yake, Bushiri na mzee wakisikia.

"Yudith, kesho asubuhi naingia dukani kwa Bushiri. Na chuma chochote utakachokalia, kikipita mkononi mwangu, kitakuwa kizima. Hata kama utakuwa unakiendesha kwenda kwa mwingine."