Nusu Kidonge na Tunda Chungu

Zamani matunda ya mti wangu yaliangukia majanini na kuoza bila mtu kuyaulizia, na siku hizi tunda likianguka ninasimama mlangoni kuangalia ni nani anayekuja kuliokota.

Ni mti wa pamplemousse. Kamusi yangu ya Kiswahili inaliita tunda hilo balungi, lakini ukitamka neno hilo hapa Butembo, mashariki ya Kongo, watu watakuuliza umetoka wapi. Baba yangu aliupanda kutokana na mche aliopewa na mapadri. Matunda yake yana ngozi nene, na ni machungu kuliko yote ya mtaa wetu. Mtoto huonja mara moja, hatemi mate tu, hutema na machozi. Kavugho ndiye mtu wa kwanza niliyemwona akila kipande kizima bila kukunja uso.

Kavugho alikuwa jirani yangu, na uchungu ulikuwa kazi yake. Alipokea magome ya quinquina, ule mti unaotoa kwinini, katika depo, ghala lililo chini kidogo ya nyumba yangu. Wakulima walileta magunia kutoka Alimbongo na kutoka Kalunguta. Yeye aliingiza mkono ndani kabisa ya gunia, akatoa gome, akalivunja, akalitafuna, akatema.

"Hii ni ya Alimbongo. Muti wa zamani. Weka kule."

Au: "Hii ni ya Kalunguta, na katikati mumetia kuni."

"Mama Kavugho," mkulima mmoja alimwambia siku moja, "ulimi yako iko bureau ya serikali?"

"Ni bureau kabisa," akajibu. "Na tampon yake ya kugonga karatasi ni mate. Unataka nikupigie?"

Depo nzima ilicheka, na yule mkulima akachukua gunia lake akaenda kulichambua upya. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na karatasi. Mama yake alimfundisha jambo moja tu, kwamba gome lenye uchungu lina dawa, na gome lisilo na uchungu ni la kupikia maharagwe. Alilishika neno hilo maisha yake yote. Leo quinquina za zamani zimekatwa zikawa makaa, na wanunuzi waliobaki wanadai vyeti. Hakuna anayejua tena kutafuna.

Kisha figo zake zikafa, zote mbili. Ukoo ulikutana, na mdogo wake Paulin, dereva wa lori la viazi, akasema yeye atatoa moja ya zake. Walisafiri hadi India wakiwa wawili, wakarudi wakiwa wawili, na hilo lenyewe tulilipigia makofi kanisani. Figo ya Paulin waliiweka mbele, chini ya tumbo, upande wa kuume. Kavugho aliiita mugeni.

"Mugeni amelala muzuri?" Paulin alimwuliza kila asubuhi, badala ya salamu.

"Amelala. Na amekojoa kama chef wa serikali."

Lakini mgeni huyo hakuweza kuishi bila vidonge. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, maisha yote. Vinaitwa tacrolimus. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa mara nyingi, na Kavugho akaniletea niisome.

Inanipasa kusema kitu hapa. Sikumaliza darasa la tano. Kifaransa nilijifunza katika magazeti ya kufungia chumvi, na kwa miaka mingi mtaa mzima uliniletea barua zake. Nilijua nani ameposa na nani amekataliwa. Kisha zikaja simu, barua zikafa, na watu wakaanza kupita mbele ya mlango wangu wakisoma vidole vyao. Kwa hiyo Kavugho aliponiwekea karatasi ile mkononi na kusema, "Papa Maliro, wewe ndiye unajua," nilivaa miwani yangu kama mtu anayevaa joho.

Nilikwama kwenye maneno ya mwili, nikamwita Aristote. Aristote ni mwalimu wa biolojia katika chuo kikuu, amepangiwa kazi hapa kutoka Kisangani, na amekodi chumba katika kiwanja changu. Alitazama jina la dawa akatabasamu.

"Hii naijua. Katika laboratoire yetu ya chuo tunaitumia kwa seli, matone madogo tu. Inatoka kwa kidudu cha udongo, kule Ujapani. Kazi yake ni kukata habari."

"Habari gani?" Kavugho akauliza.

"Mama, unajua vile wanafanya Beni batu wasiojulikana wakionekana? Nyumba ya kwanza inapiga sufuria. Ya pili inasikia, inapiga. Ya tatu, vilevile, mpaka mutaa yote, quartier yote, inaamka. Mwili wako uko vile. Seli moja ikiona figo ya Paulin inapiga sufuria. Sasa hii dawa inashika mkono wa nyumba ya pili. Ya kwanza inapiga, inapiga, lakini habari haivuki."

Kavugho akashika tumbo lake. "Donc, basi, mimi niko quartier bila sufuria."

"Kwa ajili ya mugeni wako, ndiyo."

"Na kama wale wengine wakija? Wale wabaya?"

Aristote alimwambia avae kitambaa mdomoni sokoni, na asitafune tena magome mabichi yaliyolala chini. Hivyo Kavugho akapoteza ulimi wake, akabaki kuvunja na kunusa.

Nikaendelea kusoma. Karibu na mwisho ilikuwa imeandikwa kwamba mgonjwa asile pamplemousse wala asinywe maji yake, kwa sababu huongeza kiasi cha dawa katika damu. Nilisoma kwa sauti. Wote watatu tukageuka tukautazama mti wangu, tukacheka.

Vidonge vilikuwa vinatoka Goma, kwa barabara ya Kirumba. Vita vikaikata barabara hiyo, na lori la Paulin likabaki bila kazi. Ikabidi vitoke Kampala, vipite mpaka wa Kasindi, kisha Beni, na kati ya Kasindi na Beni magari yalikuwa yanachomwa. Siku hizi unasubiri askari wakusindikize, nao wanakwenda siku wanayotaka. Kulikuwa na wakati mtu alitembea barabara ile peke yake, na kila kijiji alichopita aliulizwa ni mtoto wa nani, akajibu, akapewa maji. Sasa hakuna anayeuliza, kwa kuogopa jibu.

Asubuhi moja Kavugho alikuja na Paulin, akanionyesha mkononi vidonge ishirini na viwili. Siku kumi na moja. Boksi lilikuwa limekwama Kasindi, na msafara haukujulikana utaondoka lini.

Paulin alimgeukia kwanza Aristote, aliyekuwa uani. "Mwalimu, ulisema muko nayo kule laboratoire."

"Iko chupa moja, kama kidole. Poda. Imeandikwa ni ya utafiti tu."

"Si ni ileile dawa?"

"Ni ileile, na si ileile. Hakuna mutu amepima nini ingine iko ndani. Ni ya seli, Paulin. Seli ikikufa hatuiziki."

"Dada yangu nitamuzika?"

"Hapana. Usinisukume kwa hiyo." Aristote alichukua mfuko wake akaenda kufundisha, na nikaona kwamba alikuwa anaogopa.

Paulin akatoka kutafuta habari za msafara. Tulibaki wawili, mimi na Kavugho. Alikuwa anautazama mti.

"Papa, ile karatasi ilisema pamplemousse inaongeza dawa kwa damu?"

"Ndiyo sababu imekatazwa."

"Imekatazwa kwa mutu iko na kidonge muzima. Mimi nikikata nusu?"

Nilipaswa kusema sijui. Ni maneno mafupi, mtu wa darasa la tano anaweza kuyasema. Lakini nilichukua karatasi, nikasoma tena mstari ule mmoja, nikatazama juu kama daktari, nikasema, "Nusu kidonge, nusu tunda. Inaweza kuwa sawa."

Aliangua tunda, akalipasua, akaonja. Akatikisa kichwa polepole, vile alivyokuwa anafanya depo. "Ya kwa jirani iko maji tu. Hii iko na nguvu." Aliupima uchungu ule kwa kanuni ya mama yake, na mimi sikuona kosa, kwa kuwa hata mimi nilikuwa nimelelewa kwa kwinini.

Siku kumi na moja zikawa ishirini na mbili. Boksi likafika kabla hazijaisha, tukamshukuru Mungu, na jambo lingeishia hapo. Lakini Kavugho alikuwa mtu wa depo. Aliona kwamba nusu imetosha na mgeni hakulalamika, basi akaendelea na nusu, ile nyingine akaiweka akiba kwa siku barabara itakapofungwa tena. Kila siku mbili, Aristote akiwa kazini, alipita kuangua tunda na kulila kwenye benchi yangu. Hakuniambia ni la nini, nami sikuuliza. Nilijua. Paulin, ambaye hakuwapo siku ya kusoma karatasi, alidhani ni la kula tu. Aliniambia, "Dada amependa mti wako sana," nami nikamwuliza habari za barabara.

Katika mwezi wa tatu mkono wake ulianza kutetemeka. Alisema ni baridi ya Butembo. Kisha kichwa kikawa kinamwuma. Siku moja nilimkuta depo ameinama, anaokota gome lililomponyoka, na kila akilishika linamponyoka tena. Wakulima walikuwa wamesimama wanatazama, na hakuna aliyetania.

Jumapili, baada ya misa, Aristote alimpa mkono na hakuuachia.

"Mama, hii ni tangu lini?"

"Ni kidogo tu."

Alimtoa damu siku ileile. Laboratoire yake haina uwezo wa kupima tacrolimus yenyewe. Hapa Butembo hakuna niliyesikia anao. Alipima kazi ya figo tu. Jumatatu alikuja uani akiwa ameshika karatasi, Kavugho na Paulin wameketi kwenye benchi yangu.

"Mugeni anaumia," akasema. "Sana. Unakunywa vidonge vyote?"

Aristote akatazama chini, akaona maganda ya pamplemousse nyuma ya benchi, kando ya ukuta, makavu na mabichi, rundo la miezi mitatu. Uso wake ukabadilika.

"Mama, hapana. Hapana! Tunda haliko kipimo. Leo dawa inajaa, kesho inapunguka. Ikijaa inachoma figo. Ikipunguka, masufuria yanalia. Nani amekuruhusu?"

Kavugho alinitazama, mara moja tu.

"Ni mimi mwenyewe," akasema. "Papa Maliro alinikataza, mimi nikaiba matunda."

Kwa miaka mingi nimewachosha watu kwa kuwaeleza jinsi mambo yalivyokuwa. Kwamba mtu mwenye kosa alisimama mbele ya ukoo, akasema kosa lake kwa kinywa chake, akaambiwa la kufanya. Kwamba vijana wa leo wanaficha hata homa. Siku ile ukoo ulikuwa mbele yangu, kwenye benchi yangu, chini ya mti wa baba yangu. Nikaangalia maganda.

Aristote alisema hakuna njia nyingine, waende Kampala, dawa ipimwe katika damu, na waende haraka, kwa kuwa figo ikikauka Paulin hana ya pili ya kutoa. Niliwasindikiza hadi Beni. Nilijiambia kwamba njiani nitamwambia Paulin. Kutoka Butembo hadi Beni kuna muda wa kutosha kumwambia mtu neno lolote, na mimi nilizungumza juu ya bei ya viazi.

Beni, magari ya Kasindi yalikuwa yamepangwa kwenye mstari, yanasubiri askari. Kavugho alikaa dirishani, mkono mmoja juu ya tumbo, pale alipolala mgeni. Hakuwa na tunda. Alikuwa na ile karatasi ya boksi, imechakaa kwenye mikunjo.

Paulin alinivuta kando, karibu na gurudumu la nyuma.

"Papa, dada ameniambia vile ulimugombeza juu ya matunda. Angekusikia wewe, hatungefika huku. Wasingya, Papa."

Ndivyo alivyosema, wasingya, asante ya kwetu, ya kinyumbani. Nilifungua mdomo. Askari akapiga filimbi, injini zikawashwa zote pamoja, na Paulin akaruka ndani. Ningeweza kupaza sauti. Nilikuwa nimesimama hatua tatu tu.

Watu waliotoka Kasindi baadaye wanasema msafara wa siku ile ulifika. Wengine wanasema magari mawili ya nyuma hayakuonekana. Simu ya Paulin inasema haipatikani, na Aristote, ambaye huipiga kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, hanitazami anapoiweka chini.

Gari lao lilikuwa la tatu kutoka mwisho. Lilipopinda kuingia barabara ya Kasindi, Kavugho alitoa mkono dirishani, na mkono ule ulikuwa unakwenda huku na huku, huku na huku. Nilinyanyua wangu kujibu, kisha nikaushusha, kwa sababu sikujua kama alikuwa ananiaga au ni ile dawa tu.