Mzee Aliyedaka Waya

Mashine ya kuchomea mishipa ya damu ilifika Newala juu ya lori lililokuwa limeshusha korosho na kurudi tupu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Kila kitu kilikuwa kinapanda mlima: redio, ndoo za plastiki za kila rangi, viatu vya mitumba. Na sisi wa chumba cha upasuaji tukaletewa chetu.

Mimi nilikuwa muuguzi wa mezani. Kazi yangu ilikuwa kupanga vifaa na kumpa daktari mkasi kabla hajauomba. Daktari wetu alikuwa kijana mrefu kutoka upande wa Bukoba, na mashine hiyo aliipenda mno. Zamani kila mshipa uliovuja aliufunga kwa uzi. Sasa alishika kitu kama kalamu, akakanyaga pedali kama fundi cherehani, moshi kidogo ukapanda, damu ikakoma. Basi macho yakamng'aa juu ya barakoa.

Shida ilikuwa waya. Kalamu ile ilikuwa na waya mrefu, na pembeni yake kulikuwa na mpira wa kunyonyea damu, mrefu vilevile. Vyote tulivisafisha kwa mvuke vikatoka bila kijidudu hata kimoja, tukavilaza juu ya shuka la kijani linalomfunika mgonjwa. Halafu daktari anageuka kidogo, waya unateleza, huo unaning'inia kuelekea sakafuni. Na sheria ya chumba kile haina huruma. Kikishuka chini ya usawa wa meza ni kichafu, hata kama hakijagusa kitu. Waya wa akiba tulikuwa nao mmoja tu.

"Sista, waya!" daktari alikuwa analia hivyo kutwa nzima, mpaka wenzangu wa wodini wakanipa jina la Sista Waya.

Vile vibanio vya chuma vya kushikia shuka vilikuwa vichache na vyote vilikuwa kazini. Nikapata wazo. Nilipokwenda nyumbani Lisekese kumsalimia mama, nilipita soko la Masasi nikanunua vibanio vya nguo, vya plastiki, vyekundu, njano na buluu. Nikarudi navyo najiona mhandisi. Nikavifunga vizuri kwenye kitambaa, nikavitia kwenye chombo chetu cha mvuke pamoja na makoti ya upasuaji.

Nilipofungua nilikuta andazi. Vibanio vyote vimeyeyuka na kushikana, donge moja la rangi tatu, na ndani yake imezama mikono ya koti la daktari. Yeye alilitazama, akajaribu kuliingiza mkono, likagoma.

"Sista," akasema taratibu, "hili nalivaa, au nalila?"

Tukaendelea hivyohivyo, mimi nikiukandamiza waya kwa kiwiko kila nilipopata nafasi, hadi siku alipokuja mzee mmoja wa Kitangari mwenye ngiri. Alikuwa mkulima wa mikorosho, mwili mkavu, sauti kama ya mnadi. Alidungwa sindano ya mgongoni inayotia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, kwa hiyo alikuwa macho kabisa, amelala nyuma ya pazia la shuka, anatusikia.

Na sisi tukamsikia. Alimuuliza daktari habari za kwao, kama ndizi ni chakula cha kushibisha kweli, na kama ana mke. Mtoa dawa ya ganzi, aliyeketi kichwani pake, alimsihi anyamaze apumzike. Mzee akasema amekuja kupasuliwa, hakuja kulala.

Daktari akageuka kuchukua pamba. Waya ukaanza kuteleza.

"Sista, waya!"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika vifaa. Kabla sijafanya lolote, mkono mweusi mkavu ukachomoka chini ya shuka, ukaudaka ule waya hewani kama kipa wa mpira.

"Nimeupata!" mzee akapiga kelele. "Endelea, Dokta, mimi ninao!"

Daktari amesimama kalamu mkononi, na upande wa pili wa waya ameushika mgonjwa wake mwenyewe.

"Ahsante sana, mzee," akasema daktari. "Lakini sasa umekuwa mchafu. Uachie tu, sista atatoa mwingine."

Alimaanisha waya. Mzee hakusikia hivyo.

"Nani mchafu?"

"Si hivyo, mzee wangu..."

"Nimeoga alfajiri ya leo! Mke wangu kashuka bondeni, kapanda na ndoo kichwani, nimeoga ndoo nzima kwa ajili yenu! Ndoo nzima! Kwetu ndoo nzima anaoga bwana harusi!"

Nikaona niokoe jahazi. "Shikamoo, baba," nikaanza, ingawa nilikwisha kumwamkia.

"Marahaba. Niambie wewe, mwanangu. Mimi mchafu?"

"Hapana, baba. Wewe ni msafi. Ila hujachemshwa."

Sijui kwa nini nilisema vile. Mtoa dawa ya ganzi aliinamisha kichwa magotini, mabega yakitikisika.

"Nichemshwe?" Sauti ilipasuka. "Mnataka kunichemsha?"

Daktari alishindwa kujizuia. Alirudi nyuma hatua moja, mikono ameikunja kifuani isiguse kitu, akacheka mpaka machozi yakalowesha barakoa ikabidi abadilishiwe. Waya wa akiba ukafungwa, mkono wa mzee ukarudishwa mahali pake na kufungwa kitambaa, na ngiri ikashonwa vizuri kabisa.

Tukadhani yamekwisha. Asubuhi yake mkewe alisimama mlangoni pa chumba cha upasuaji, kajifunga kanga kiunoni, mdogo kwa umbo lakini mlango wote kaujaza.

"Nasikia maji yangu hayakutosha," akasema.

Daktari akamwamkia kwa heshima zote. Akamweleza habari za vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kwamba hata yeye daktari, akishasugua mikono kwa sabuni na brashi, haruhusiwi kugusa waya bila glovu. Mama yule akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe na wewe hujachemshwa," akasema.

"Mimi pia, mama."

"Haya. Basi pole." Akamwangalia juu mpaka chini, akaongeza, "Lakini wewe, baba, kwa kweli ungeweza kuoga zaidi," akaenda zake wodini kumpelekea mumewe uji. Daktari alibaki ananusa kwapa lake.

Wiki hiyohiyo nilipeleka mashuka yetu kwa fundi cherehani wa sokoni. Nilimwomba ashone mifuko miwili pembezoni, mmoja wa kalamu, mmoja wa mpira, na vitanzi vya kitambaa vya kupitishia nyaya, kwa sababu kitambaa mvuke hauking'ati. Kitambaa cha kijani kilimwishia katikati. Bila kuniuliza akamalizia kwa vipande vya kitenge chenye mananasi.

Daktari aliyaona mananasi. Alitia kalamu kwenye mfuko wa shuka, akageuka kulia, akageuka kushoto, akainama, akanyooka, makusudi kabisa, kama mtu anayejaribu suruali mpya. Waya haukucheza. Mgonjwa wa siku hiyo, mwanamke wa makamo aliyekuwa macho naye, akainua kichwa kidogo kabla hatujamwekea pazia, akatazama lile shuka.

"Sista," akaninong'oneza, "kitenge hiki mmekipata duka gani?"