Miti Mitatu Niliyoitaja Darasani

Mkuyu ukikatwa hutoa utomvu mweupe, mzito, wenye harufu inayokaribiana na maziwa yaliyomwagikia majani mabichi. Mwezi uliopita nilikuwa Mbinga mjini kwa shughuli zangu, nikapita mahali wanapopanua barabara, na harufu hiyo ikanifikia kabla sijauona mti wenyewe ukiwa chini. Nilisimama. Kijana mwenye msumeno aliniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana, nikaondoka, lakini siku ile sikufanya kazi nyingine ya maana.

Ngojeni niwasimulie kwa mpangilio. Kwa miaka mingi habari hii nimekuwa nikiisimulia nusu, nikiiacha sehemu yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu ni Mpepai, na chini ya shamba letu la kahawa kulikuwa na chemchemi. Mkuyu mmoja uliisimamia, mizizi imeingia majini kama vidole vya mtu anayenawa. Mkubwa wa nyumba alikuwa Bibi Otilia, mama yake baba. Alikuwa Mkatoliki kwelikweli. Rozari haikutoka shingoni hata akiwa na jembe mkononi. Lakini kila mwaka, mwezi wa Machi, nyasi zikishafyekwa na kulazwa kwa miraba tayari kwa kuchimba ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani ili mvua isiuchukue udongo, Bibi alitangulia shambani kabla ya mtu yeyote. Alikuwa na unga wa ulezi kiganjani. Aliumwaga kwenye mzizi wa mkuyu, akawataja kwa majina waliochimba ngoro za kwanza katika mteremko ule, akafanya ishara ya msalaba, akarudi kutupikia uji. Haikuchukua muda. Nilikuwa namfuata nyumanyuma, naye alijua.

Mwaka ule Baba Mdogo Gaudensi alikuwa nyumbani. Alikuwa amesoma seminari, akaacha kwa sababu ambazo watu wazima walizizungumza sisi tukishatumwa kuni. Sasa alinunua usipa, wale dagaa wa ziwani, kwa wavuvi wa Mbamba Bay na kuupandisha milimani kwa baiskeli, akiisukuma muda mrefu kuliko kuipanda. Juu ya gunia alifunga daftari alilojaza maarifa ya maktaba ya seminari. Lilinuka usipa kiasi kwamba paka walilipenda kuliko sisi.

Humo ndimo nilimoona michoro ya miti miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Wayahudi wa zamani waliotafuta siri za Mungu katika sala: maduara kumi yaliyounganishwa kwa mistari, na mizizi iko juu kabisa, kwake Mungu asiyeonekana. Neema hushuka kutoka duara hadi duara kama maji ya mfereji, mpaka duara la mwisho, lililo karibu na sisi. Waliosali namna ile, Baba Mdogo alisema, waliogopa kosa moja kuliko mengi: kuikata miche, yaani kukitenga kilicho chini na kilicho juu.

Wa pili ulikuwa wa watu wa kaskazini ya Ulaya kabla hawajabatizwa. Huo ulizishika dunia zote kwa mizizi mitatu. Juu yake tai, chini nyoka anautafuna mzizi, na katikati kindi anayepanda na kushuka akipeleka matusi ya huyu kwa yule. Kando ya mzizi mmoja kuna kisima, na wanawake watatu huchota maji na tope kila siku, wakaupaka mti usioze. Kindi nilimpenda mara moja. Nilimjua, alikuwa jirani yetu wa upande wa juu.

Bibi alilishika daftari mbali na macho, akaligeuza juu chini.

"Huu wameung'oa?"

"Hapana, mama. Mizizi ndiyo iko mbinguni."

"Basi wanaupalilia kwa ngazi." Akafunua ukurasa wa pili. "Na hawa wanawake watatu, waume zao wako wapi?"

"Haijaandikwa, mama."

"Haijaandikwa kwa sababu inajulikana."

Nilimuuliza Baba Mdogo upi ni wa kweli. Hakunijibu vile nilivyotaka. Alisema ule wa Wayahudi unalishwa kutoka juu. Wenyewe haufi, ila sisi tunaweza kukatika nao. Ule wa kaskazini unalishwa kwa mikono. Unaumia kila siku kuliko watu wanavyojua, na waliousimulia walijua iko siku utatetemeka wote mpaka kileleni. Nikachukua daftari langu la shule nikapiga mistari, maana tangu utoto sipendi mambo yaliyochanganyika. Safu ya kwanza: Wayahudi. Safu ya pili: kaskazini. Niliona nafasi imebaki, nikaandika juu ya safu ya tatu: Bibi. Unalishwa na nani, kwa nini, siku gani, husemwa maneno gani. Nilijaza yote. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa kwenye mafundisho ya Kipaimara. Ilikuwa Kwaresima, na Askofu alitarajiwa baada ya Pasaka. Katekista wetu alikuwa mtu mpole aliyehudumia kwa miguu vigango vitatu, makanisa madogo ya vijijini. Alituuliza, "Mti wa uzima ulikuwa wapi?" Alitaka jibu la maneno matatu, bustani ya Edeni. Mimi nikasimama na daftari.

Nilipousoma ule wa Wayahudi walinisikiliza. Kwenye kindi darasa lote lilicheka, na mwenzangu mmoja akaniita "Mama Kindi", jina lililodumu mpaka darasa la saba. Nilipofika safu ya tatu wakanyamaza kabisa. Nikasoma kwa sauti zaidi. Ule ukimya niliuchukua kuwa heshima.

Kesho yake baada ya ibada, wazee wa kigango walikuja nyumbani. Walikaa sebuleni, wakamwamkia Bibi shikamoo mmoja mmoja, wakanywa maji. Kisha Katekista akasema, macho yakiwa kwenye kofia yake, kwamba habari imefika, tena imefika kwa kinywa cha mtoto wa nyumba hii hii. Mtoto anayetoka kwenye nyumba yenye mti wa matambiko hawezi kupelekwa mbele ya Askofu. Mti ukiondoka, jina linabaki kwenye orodha.

"Mtoto ana kosa gani?" Baba Mdogo aliuliza.

"Wewe nyamaza, Gaudensi," mzee mmoja alidakia. "Ndiwe uliyetuletea miti ya wapagani pamoja na usipa."

"Ule wa Wayahudi ni wa watu wanaosali, mzee."

"Na nyoka je, naye anasali?"

Wazee wakacheka. Mtu aliyejua habari za miti ya dunia nzima hakuwa na neno la kuusemea mmoja uliokuwa hatua mia mbili kutoka alipoketi. Baba yangu alikuwa akitazama sakafu.

Mimi nilisimama mlangoni, karibu na mama aliyekuwa na gauni langu jeupe la Kipaimara mapajani, sindano mkononi. Mama ni mtu wa ziwani, alizaliwa Mwanglikana, na katika mambo ya kigango hakuwa akiulizwa. Bibi hakuwatazama wazee. Alinitazama mimi, kisha mama.

"Gauni limefikia wapi?"

"Bado pindo, mama," mama alijibu. "Tena ni refu. Hata mwakani litamtosha."



"Lipinde," Bibi alisema. Ndipo akamgeukia Katekista. "Ukateni. Lakini kesho. Leo ni Jumapili."

Jumatatu baba na vijana wawili wa jirani waliukata. Bibi alikwenda shambani kama kawaida, akachimba ngoro akiwa ameupa mgongo. Mti ulipoanguka jembe lake lilikuwa juu. Lilisimama hewani kwa muda mfupi, kisha likashuka. Utomvu ulitiririka mpaka majini, na kwa siku mbili maji ya kunywa tuliyachota juu zaidi. Niwaambie ukweli: nilihuzunika kidogo, halafu nikawaza viatu vyangu vya Kipaimara.

Askofu alikuja, nikapakwa mafuta, nikaimba. Bibi alikaa benchi la mbele na alipokea Komunyo kama siku zote. Chemchemi ilipungua miaka iliyofuata, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu ya mkuyu, maana wakati huohuo watu walipanda kule juu mikaratusi mingi, miti inayonyonya maji. Machi iliyofuata Bibi alianza kuchimba ngoro moja kwa moja, bila kutamka jina la mtu. Baba Mdogo alihamia ziwani moja kwa moja. Bibi alipofariki alizikwa na Kanisa, kwa nyimbo zote.

Kwa muda mrefu niliamini kwamba siku ile walimtaka achague kati ya Mungu na mti, naye akachagua vizuri. Ugomvi huo Bibi hakuwa nao. Kwake kilichoshuka kutoka juu na kilichopakwa kutoka chini vilikutana penye mzizi mmoja. Alichagua kati ya wafu wake na mimi.

Na hilo pia nisingelijua, kama mama asingeniambia nikiwa mtu mzima, tukichambua maharage uani. Alisema gauni halikuwa limebakiza pindo. Alilimaliza Ijumaa. Sindano aliishika wazee walipobisha hodi, maana alikuwa ameshasikia nilichosoma darasani, ili Bibi akitaka kukataa mti usikatwe awe na njia: mtoto bado, gauni bado, twende mwakani. Bibi alielewa, akaikataa njia yenyewe. Usiku ule mama alilifumua pindo zuri alilokuwa amelishona, akalishona upya, ili lile "lipinde" la Bibi lisiwe neno la bure.

Wanawake wawili walikuwa wamejadiliana mbele ya wazee wote wale, na mbele yangu mimi niliyejiona ninaona kila kitu, na hakuna aliyewasikia.